Akwamarini: Jinsi ya Kupima Rangi na Ukubwa Kabla Hujataja Bei

Mtu aliyezoea biashara ya dhahabu ya Kakamega au Migori huja kwenye vito na desturi moja: anaweka mzigo kwenye mizani, anasoma gramu, anazidisha kwa bei ya siku. Kwa dhahabu hesabu hiyo inasimama. Gramu ya dhahabu ni sawa na gramu nyingine ya usafi uleule, na kipande cha gramu kumi ukikigawa mara mbili bado una gramu kumi za kuuza. Akwamarini haiendi hivyo. Mawe mawili yenye uzito mmoja, pengine hata yaliyotoka shimo moja, yanaweza kupishana bei mara kumi, na sababu ikawa rangi peke yake. Ukubwa nao una nguvu, ila hutembea nyuma ya rangi, na hufanya kazi kwa namna ambayo mtu wa dhahabu hawezi kuitarajia.

Mawe haya hufika kwetu kwa njia nyingi. Ndugu aliyefanya kazi Msumbiji au Zambia amerudi na mfuko mdogo. Dereva wa masafa marefu amelala Nakuru na anatafuta mnunuzi kabla hajaendelea Malaba. Mtu amelipwa deni kwa jiwe. Au ni pete ya nyanya ambayo familia inataka kujua inafaa kiasi gani. Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu hao wote, ukiwa unanunua au unauza.

Kwanza tujue tunashika nini. Akwamarini ni aina ya berili, madini ya familia moja na zumaridi. Berili safi kabisa haina rangi. Chembe za chuma zilizoingia wakati fuwele inakua ndizo huipa buluu. Chuma kikiwa katika hali nyingine huleta umanjano, na hali hizo mbili zikikutana jicho linaona kijani-buluu. Ugumu wake ni 7.5 hadi 8 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, hivyo inavumilia kuvaliwa kwenye pete. Uzito wake hutajwa kwa karati: karati tano ni gramu moja.

Hatua ya 1: Andaa vifaa

Unahitaji karatasi nyeupe isiyong'aa, kibano cha sonara, lenzi ya kukuza mara 10, kalipa ya kupimia milimita, na mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Ongeza kikombe kidogo cha plastiki na uzi mwembamba. Kazi yake utaiona mbele. Jiwe lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ulifute kwa kitambaa laini. Jasho la vidole peke yake hutosha kuzima mng'ao, na jiwe chafu huonekana la kijivu hata kama si la kijivu.

Hatua ya 2: Tafuta mwanga wa haki

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vitabu vingi vya vito vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinarudia agizo moja: tazama jiwe kwenye dirisha linaloelekea kaskazini. Agizo hilo ni sahihi kwa watu wa huko, kwa sababu jua lao daima liko upande wa kusini, na dirisha la kaskazini huwapa mwanga wa anga usio na miale ya moja kwa moja. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri la Kisumu na Nakuru liko upande wa kaskazini, basi miezi hiyo tumia dirisha la kusini. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi, geuza: tumia la kaskazini. Unachotafuta ni mwanga wa mchana uliotulia, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, bila jua kulipiga jiwe lenyewe. Jua kali la moja kwa moja hutoa vimulimuli vinavyoficha rangi. Baada ya saa kumi jioni mwanga unaanza kuingia umanjano na buluu inaharibika.

Kisha angalia kilichokuzunguka. Akwamarini ni jiwe la rangi hafifu na lenye uwazi mwingi, kwa hiyo huokota rangi ya kila kitu kilicho jirani. Turubai la buluu juu ya kibanda, ukuta uliopakwa rangi ya samawati, hata shati la buluu la mwenye kulishika, vyote huingia ndani ya jiwe na kuliongezea thamani isiyokuwepo. Wafanyabiashara wengi hufungia akwamarini kwenye karatasi iliyotandikwa ndani kwa buluu. Ni desturi ya kazi na sioni kosa ndani yake, mradi wewe ulitoe jiwe humo na kuliweka kwenye karatasi yako nyeupe kabla ya kusema lolote.

Taa za dukani nazo zina upande wake. Taa nyeupe za LED zenye ubaridi husukuma jiwe kuelekea buluu. Balbu za manjano hulirudisha kwenye ukijani na ukijivu. Ukiwa kwenye duka la sonara Oginga Odinga Street, umeonyeshwa jiwe juu ya kaunta yenye taa kali, omba kwa adabu: "Mama, naomba nilitazame hapo mlangoni." Mwenye duka anaweza kutoka nawe, anaweza kumtuma kijana asimame kando yako, na ana haki ya kufanya hivyo. Simameni kwenye kivuli cha baraza, weka jiwe kwenye karatasi, lipe jicho nusu dakika lizoee. Mara nyingi utaona buluu ya kaunta ikipungua mbele yako, wakati mwingine ikabaki kama maji tu. Hiyo iliyobaki mlangoni ndiyo rangi unayoinunua.

Hatua ya 3: Soma rangi

Weka jiwe uso juu, kama litakavyokaa kwenye pete, umbali wa takriban sentimita 30 kutoka jichoni. Liyumbishe polepole kushoto na kulia. Jiulize mambo matatu, kwa mpangilio huu.

La kwanza, ni buluu ya namna gani? Buluu iliyotulia, au yenye kijani kidogo sana, ndiyo inayolipwa zaidi. Kadiri kijani kinavyozidi, bei hushuka. Wapo watu wanaopenda kijani-buluu kwa moyo wao wote na kukitafuta makusudi; ukimpata mteja wa hivyo, mpe bei yake. Ila soko kwa jumla linalipa buluu.

La pili, rangi imekolea kiasi gani? Swali hili ndilo kubwa kuliko yote. Akwamarini nyingi duniani ni hafifu au hafifu mno. Jiwe lenye buluu ya wastani inayoonekana wazi ukiwa umelishika kwa mkono ulionyooshwa ni adimu, na lenye buluu nzito kweli ni adimu zaidi. Weka hatua nne kichwani: karibu halina rangi, samawati hafifu, buluu ya wastani, buluu iliyokolea. Kila ngazi unayopanda, bei ya karati huongezeka kwa kuruka. Kutoka ya pili kwenda ya tatu peke yake inaweza kuwa mara mbili au tatu. Kwa akwamarini ni nadra sana jiwe kuwa na giza la kupita kiasi, tofauti na yakuti samawi ambayo ikizidi huwa nyeusi. Kwa hiyo hapa kukolea ni faida karibu kila mara.

La tatu, kuna moshi ndani? Jiwe linaweza kuwa na buluu ya kutosha lakini iliyochanganyika na kijivu. Ukiliona peke yake hutalijua. Ukiliweka kando ya jiwe safi, kijivu kinajitokeza mara moja.

Ndiyo maana nasisitiza mawe ya kulinganishia. Nunua akwamarini tatu ndogo, za bei ndogo, zenye ngazi tofauti za rangi, uzitunze. Jicho la binadamu husahau rangi haraka sana. Linakumbuka tofauti pale tu vitu viwili vinapokuwa mbele yake. Mtu mwenye mawe matatu ya kulinganishia ananunua vizuri kuliko mtu mwenye miaka kumi ya kukisia.

Utasikia majina. "Santa Maria" ni la kwanza: linatokana na Santa Maria de Itabira katika jimbo la Minas Gerais, Brazili, palipotoka mawe ya buluu nzito. Mawe ya Msumbiji yenye rangi inayokaribia hiyo huitwa Santa Maria ya Afrika. Siku hizi jina limetawanyika, na linabandikwa kwenye jiwe lolote ambalo muuzaji analionea fahari. Lisikilize, kisha rudi kwenye karatasi nyeupe.

Utasikia pia habari za moto. Sehemu kubwa ya akwamarini iliyo sokoni imepashwa joto la takriban nyuzi 400 hadi 450 za Selsiasi ili umanjano uondoke na buluu ibaki. Rangi inayopatikana ni ya kudumu, na kwa kawaida hata maabara haina njia ya kuthibitisha kwamba moto ulipita. Soko limelikubali jambo hilo na halikati bei kwa ajili yake. Maana yake kwako ni hii: usimlipe mtu nyongeza kwa kiapo kwamba buluu yake haijaguswa na moto. Jiwe lenye kijani ndani yake ndilo lina dalili ya kutopashwa. Na tafadhali usijaribu kulipasha mwenyewe kwenye jiko la makaa. Ndani ya berili nyingi kuna vijishimo vyenye majimaji. Vikipata joto bila mpangilio hutanuka na kulipasua jiwe.

Onyo moja la mwisho kuhusu rangi. Ukiletewa berili yenye buluu ya wino, nzito kupita akwamarini yoyote uliyowahi kuona, kwa bei ya kirafiki, simama. Kuna berili iitwayo Maxixe, kwa jina la mgodi wa Minas Gerais ilikojulikana mwaka 1917, ambayo buluu yake hufifia ikikaa juani, na zipo zinazotengenezwa kwa mionzi hadi zikapata rangi kama hiyo. Akwamarini ya kweli haifubazwi na mwanga wa jua. Kabla ya kulipa, andikianeni haki ya kurudisha, kisha uliweke jiwe kwenye kingo ya dirisha linalopigwa na jua wiki moja au mbili, ukililinganisha na mawe yako.

Hatua ya 4: Pima ukubwa, na uelewe unachokipima

Rangi ya kito hujengwa na safari ya mwanga ndani yake. Mwanga ukisafiri milimita nne ndani ya berili hafifu unatoka karibu mweupe; ukisafiri milimita kumi na tano ndani ya berili ileile unatoka na buluu. Kwa hiyo jiwe kubwa huonekana limekolea hata kama madini yake ni yaleyale ya jiwe dogo. Kutoka hapo yanafuata mambo mawili ya bei.

Kwanza, jiwe dogo lenye rangi nzito ni la ajabu. Akwamarini ya chini ya karati 5 yenye buluu iliyokolea kweli ni nadra, kwa sababu madini yake lazima yawe na rangi nyingi mno hata kwa safari fupi ya mwanga. Ukiliona, bei yake ya karati inaweza kushinda ya jiwe la karati 20 lililopauka. Wauzaji wengi huku kwetu huyachanganya mawe madogo yote kwenye mfuko mmoja wa bei moja. Yapange kwanza kwenye karatasi nyeupe, moja moja, kabla hujakubali bei ya mfuko.

Pili, bei ya karati haipandi bila kikomo. Kwa yakuti nyekundu nzuri, jiwe likiongezeka ukubwa bei ya kila karati hupanda kwa kasi, maana fuwele kubwa safi hazipatikani. Berili haina shida hiyo. Hukua kubwa kwa kushangaza. Mwaka 1910 huko Marambaia, Brazili, ilichimbwa fuwele moja ya akwamarini ya kilo 110.5. Dom Pedro, akwamarini iliyochongwa na Bernd Munsteiner wa Ujerumani na ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, ina karati 10,363. Kwa kuwa mawe makubwa yapo, bei ya karati hupanda kuanzia mawe madogo hadi kufikia karati kumi na kitu, kisha inatulia. Ukipita karati 25 hivi inaweza kuanza kushuka, kwa sababu jiwe linakuwa zito kuvaliwa na wateja wanapungua. Jumla yake bado ni kubwa, lakini kila karati ya nyongeza inaleta kidogo kuliko iliyotangulia.

Basi mtu akikwambia, "Ndugu yangu, hili lina karati sitini, fikiria!", mjibu kwa swali moja: bei ya karati ni ngapi, na kwa rangi hii?

Pima pia milimita, usitegemee karati tu. Berili ni nyepesi ukilinganisha na almasi, hivyo karati moja ya akwamarini ya mduara huwa na upana wa takriban milimita 6.5 hadi 7. Masonara wa Nakuru na Kisumu wanaotengeneza pete na hereni hutafuta vipimo vya kawaida, kama vile milimita 7 kwa 5, 8 kwa 6, au 10 kwa 8, kwa sababu vikalio, yaani vishikio vya dhahabu na fedha ambamo jiwe hukaa, huja hivyo. Jiwe la umbo la ajabu linadai kikalio cha kuchongewa, na gharama hiyo sonara ataitoa kwenye bei atakayokupa. Mawe mawili yanayofanana rangi na kipimo, kwa ajili ya hereni, huuzwa kwa zaidi ya jumla ya bei zao mbili. Ukiwa nayo, usiyatenganishe.

Na kama jiwe tayari limefungwa kwenye pete? Kwa jiwe la mstatili lililokatwa pembe, zidisha urefu, upana na kina kwa milimita, kisha zidisha kwa 2.72 (uzito wa berili ukilinganishwa na wa maji), halafu kwa 0.0025. Jiwe la 12 kwa 10 lenye kina cha 6.5 litakupa takriban karati 5.3. Kwa jiwe la duara, chukua kipenyo mara kipenyo mara kina, zidisha kwa 2.72 na kwa 0.0018. Ni makadirio, lakini yanakutoa gizani bila kuvunja pete ya nyanya.

Hatua ya 5: Kagua mkato

Liweke jiwe uso juu kwenye gazeti. Ukiweza kusoma maandishi kupitia katikati yake, jiwe lina dirisha: tumbo lake limekatwa bapa, na mwanga unapita moja kwa moja badala ya kurudi jichoni. Kwa berili, pembe za chini zikishuka chini ya digrii 39 hivi, mwanga unatoroka. Jiwe la namna hiyo linaonyesha rangi pembezoni na utupu katikati, na bei yake lazima ishuke, kwa kuwa mchongaji atakayelirekebisha atapunguza karati.

Kosa la upande wa pili ni tumbo lililoachwa nene. Ligeuze ubavu ulitazame. Likiwa na kitambi kinachoning'inia chini ya kiuno, yaani mzunguko wake mpana zaidi, unalipia karati ambazo hazitaonekana kamwe mtu akilivaa. Mara nyingine mchongaji huacha unene makusudi ili kulinda rangi ya jiwe hafifu, na hapo nakubaliana naye, mradi rangi iwe imepatikana kweli.

Hatua ya 6: Usafi

Hapa tupite haraka. Akwamarini hutarajiwa kuwa safi kwa macho matupu. Ufa au wingu linaloonekana bila lenzi hupunguza bei sana. Kwa lenzi unaweza kuona mirija myembamba iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja, kama mvua inavyoanguka. Hiyo ni alama ya kawaida ya berili na mimi huifurahia, maana inanihakikishia asili ya jiwe.

Hatua ya 7: Hakikisha si topazi wala kioo

Topazi ya buluu ndiyo inayochanganya watu zaidi. Nyingi ni topazi isiyo na rangi iliyopigwa mionzi kisha ikapashwa moto, na bei yake ni ndogo sana kando ya akwamarini nzuri. Kwa jicho zinaweza kufanana kabisa. Kwa maji haziwezi.

Pima jiwe kavu. Tuseme ni gramu 2.00. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lishushe hadi lizame lote, bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe, huku ukilishikilia kwa mkono uliotulia. Gonga kikombe kidogo ili viputo vya hewa viachie jiwe. Soma mizani. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 2.00 kwa namba hiyo. Akwamarini itasoma takriban 0.73 au 0.74, yaani uwiano wa karibu 2.72. Topazi ya uzito uleule itasoma 0.56, uwiano wa 3.56. Spineli ya kutengenezwa, kito kingine ambacho nacho huuzwa kwa jina la akwamarini, itasoma 0.55. Tofauti hizo hata mizani ya bei nafuu inaziona, mradi jiwe lisiwe chini ya karati mbili.

Kioo ni kigumu zaidi kukibana kwa njia hii, kwa sababu uwiano wake hubadilika kulingana na kilivyotengenezwa. Tumia lenzi: viputo vya mviringo ndani, kingo za nyuso zilizolika na kuwa butu, na michirizi inayojikunja kama sukari inayoyeyuka kwenye maji ni dalili zake. Ukibaki na shaka na fedha ni nyingi, lipeleke jiwe maabara ya vito Nairobi kabla ya kulipa.

Hatua ya 8: Ikiwa jiwe ni ghafi

Fuwele ya berili huwa na pande sita, na mistari myembamba inayokwenda kwa urefu. Rangi yake haionekani sawa kutoka kila upande. Ukiitazama kwa kupitia ubavuni buluu hukolea; ukiitazama kutoka ncha hadi ncha hufifia, wakati mwingine ikakaribia kutokuwa na rangi. Hii ni bahati njema, kwani mchongaji akiulaza uso wa kito sambamba na urefu wa fuwele anapata rangi bora na uzito mkubwa kwa pamoja.

Hatari ya jiwe ghafi ni unene. Fuwele yenye unene wa milimita 40 inaonyesha buluu ya milimita 40, ilhali kito kitakachotoka humo kitakuwa na kina cha milimita 8 au 10. Kwa hiyo tafuta kona nyembamba au kipande kilichomeguka cha unene wa kidole kidogo, ukitazame juu ya karatasi nyeupe. Rangi ya pale ndiyo utakayoiuza.

Kisha hesabu upotevu. Katika kuchonga, jiwe ghafi safi hubakiza kati ya asilimia 20 na 35 ya uzito wake, na lenye nyufa chini ya hapo. Gramu 10 za ghafi ni karati 50. Kwa asilimia 25 unapata karati 12.5, na huenda zikawa katika mawe mawili. Ondoa gharama ya mchongaji ndipo utaje bei yako.

Hatua ya 9: Fanya hesabu, kisha zungumza

Namba zifuatazo ni za mfano tu, zimewekwa kuonyesha njia. Jiwe la kwanza lina karati 12, samawati hafifu, shilingi 2,000 kwa karati: jumla 24,000. La pili lina karati 5, buluu iliyokolea na safi, shilingi 12,000 kwa karati: jumla 60,000. Jiwe dogo limelishinda kubwa zaidi ya mara mbili.

Sasa mtu wa dhahabu atashawishika kuligawa lile la pili ili apate wateja wawili. Tazama kinachotokea. Kukata kunakula uzito, labda anabaki na mawe mawili ya karati 1.6. Mwanga umefupishiwa safari, buluu imepauka, na bei ya karati imeshuka hadi, tuseme, 4,000. Mawe yote mawili yanampa 12,800. Shilingi elfu arobaini na saba zimeyeyuka kwenye gurudumu la mchongaji. Jiwe lenye rangi nzuri lisigawanywe ila kama lina ufa unaolazimisha.

Ukizungumza bei, zungumza kwa karati. Uliza wauzaji au wanunuzi watatu tofauti kwa jiwe lilelile, kila mara kwenye mwanga wa mchana, na uandike kila mmoja alichosema kuhusu rangi pamoja na bei aliyotaja. Anayetaja bei ya jumla bila karati muombe aigawe.

Kumbuka pia kwamba kununua na kuuza madini kama biashara hapa Kenya kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2016, na kuyapeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukiwa na mfuko wa mawe ghafi usio na karatasi, mnunuzi mwenye leseni atakukatalia au atakupunja, na askari barabarani atakuwa na maswali ya haki.

Mkikubaliana, andikeni risiti yenye mambo haya: kwamba jiwe ni akwamarini ya asili, uzito kwa karati hadi nafasi mbili za desimali, urefu, upana na kina kwa milimita, maelezo ya rangi kwa maneno ya kawaida, bei ya karati na bei ya jumla, na siku ambazo mnunuzi anaweza kurudisha jiwe ikiwa maabara itasema vingine. Piga picha ya jiwe kwenye karatasi nyeupe, kalipa ikionekana kando yake, na kila upande ubaki na nakala.